Fidla Isiyo na Hatia

Mwaka 1935 ilitoka Ujerumani filamu ya sauti iliyoitwa Stradivari. Mwongozaji wake, Géza von Bolváry, alikuwa Mhungaria aliyepitia Vita Kuu ya Kwanza akiwa afisa wa jeshi, na mhusika mkuu wa filamu yake naye ni afisa wa Kihungaria. Afisa huyo anaachiwa urithi: fidla iliyotoka mikononi mwa Antonio Stradivari wa Cremona. Pamoja na fidla anaachiwa maneno ya watu. Chombo hicho, wanasema, kina kisirani. Kila aliyewahi kukimiliki yamemkuta makubwa. Basi mtazamaji anakaa akisubiri mkosi ubishe hodi.

Afisa aliigizwa na Gustav Fröhlich, yule yule aliyekuwa mtoto wa tajiri katika Metropolis ya Fritz Lang mwaka 1927. Nyota wa kike alikuwa Sybille Schmitz, ambaye Carl Theodor Dreyer alishamtumia katika Vampyr ya mwaka 1932, na uso wake ulikuwa na majonzi yasiyohitaji maneno. Wa tatu alikuwa Harald Paulsen. Wafaransa nao walitengenezewa filamu yao, Stradivarius, yenye Pierre Richard-Willm na Edwige Feuillère. Miaka ya mwanzo ya filamu za sauti mambo yalikwenda hivyo: kubandika lugha nyingine juu ya midomo ya waigizaji kulikuwa kazi ngumu, na watayarishaji wengi waliona heri kisa kilekile kipigwe picha mara mbili, kila lugha na waigizaji wake.

Historia ya sinema haiihesabu filamu hii miongoni mwa vigogo, na wanaoikumbuka leo ni wachache. Mimi inanikaa moyoni kwa sababu ya mahali ilipozaliwa na wakati ilipozaliwa. Katika nchi ambayo mwaka huohuo wapigaji fidla walikuwa wakifutwa kazi, wakifungiwa majukwaa na kusukumwa kuvuka mpaka na vyombo vyao mkononi, lilitengenezwa simulizi la fidla inayoharibu maisha ya binadamu. Mbao zilibebeshwa dhambi ya watu. Sisemi kwamba waliotengeneza filamu walikaa wakapanga hivyo. Walikuwa wakitengeneza hadithi ya mapenzi na machozi, ya kuuza tiketi. Lakini hadithi huchagua pa kumtafuta mkosaji, na uchaguzi huo una uzito, hasa pale ambapo mkosaji wa kweli ana ofisi, muhuri na askari.

Fidla yenye laana haikuanzia studio. Wajerumani walikuwa nayo kwenye vitabu tangu mwanzo wa karne ya 19, E.T.A. Hoffmann alipoandika kisa cha Krespel na binti yake Antonia. Binti yule ana sauti ya kuimba inayoshangaza, na kuimba kwenyewe ndiko kutakakomuua. Maisha yake yamefungamana na fidla moja ya Cremona, na siku anapofariki, fidla nayo inavunjika. Halafu akaja Niccolò Paganini. Huyu alikuwa mtu wa kweli, lakini wasikilizaji wake walikataa kumwacha awe mtu. Alipiga fidla kwa namna ambayo Ulaya haikuwahi kuisikia, naye alikuwa amekonda, amedhoofika kwa maradhi, uso umempauka. Watu wakasema amemuuzia Shetani roho yake. Alipofariki Nice mwaka 1840 bila kupokea sakramenti za mwisho, Kanisa lilikataa azikwe katika ardhi iliyobarikiwa, na mwili wake ulihamishwahamishwa miaka mingi kabla ya kutulia Parma. Fidla yake, aliyoipenda na kuiita Kanoni, yaani mzinga, kwa ukubwa wa sauti yake, haikutoka kwa Stradivari. Iliundwa na jirani wa Stradivari, Giuseppe Guarneri, mwaka 1743, na hadi leo iko Genoa, mji aliouachia kwa wosia. Haijamdhuru mtu.

Hata Stradivari mwenyewe hana cha kumsaidia anayetafuta laana. Alizaliwa karibu mwaka 1644, akaishi hadi tarehe 18 Desemba 1737, umri uliokaribia au hata kupita miaka 90, na alifanya kazi karibu hadi mwisho. Alioa mara mbili. Wanawe wawili, Francesco na Omobono, walifanya kazi naye karakanani, katika nyumba iliyotazama uwanja wa San Domenico. Alitengeneza vyombo vinavyokadiriwa kupita 1,000, na vilivyobaki duniani ni kama 650, vingi vikiwa fidla. Alikuwa na mali ya kutosha, wateja wake wakiwemo wafalme na maaskofu. Kila siku ilikuwa kukata msonobari kwa ajili ya kifua cha fidla, kuchonga mbao ngumu kwa ajili ya mgongo, kupunguza unene hapa nusu milimita na pale robo, kugonga kwa kidole na kusikiliza, kupaka vanishi na kungoja jua liikaushe. Mtu wa ufundi wa miaka 70. Kanisa alimozikwa lilibomolewa karne ya 19, na mifupa yake ikapotea pamoja na ya wengine. Hilo ndilo pekee lenye huzuni ninaloliona katika maisha yake, na lilitokea baada ya kufa.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba ndani ya sanduku lile la mbao kuna nguvu inayoangamiza, inafaa tuulize maneno hayo yanamfaa nani. Mara nyingi yanamfaa muuzaji. Fidla yenye hadithi ina bei kubwa kuliko fidla isiyo na hadithi, na wafanyabiashara wa vyombo wa London na Paris walilijua hilo zamani sana. Wakati mwingine yanamfaa yule asiyetaka kutazama upande wa pili.

Kabla sijaenda upande huo, kuna jambo la sauti.

Mtazamaji wa mwaka 1935 aliingia ukumbini kusikia fidla ya Stradivari. Alichosikia ni mwanga. Katika filamu za wakati huo maikrofoni iliigeuza sauti kuwa umeme, umeme ukaiamuru taa, na taa ikachora kwenye utepe wa filamu, pembeni mwa picha, mstari mwembamba wa upana wa kama milimita mbili na nusu. Ukumbini taa nyingine ilipenya mstari ule, mwanga ukaangukia kwenye seli inayohisi nuru, ukawa umeme tena, ukawa sauti ndani ya spika nyuma ya pazia. Wahandisi watatu, Hans Vogt, Jo Engl na Joseph Massolle, waliionyesha Berlin njia yao ya namna hiyo, Tri-Ergon, tarehe 17 Septemba 1922, na mwishoni mwa muongo huo filamu bubu zikaanza kuaga. Ilikuwa kazi ya akili kubwa na naiheshimu. Lakini njia ile ilikuwa na mipaka yake: sauti za juu kabisa, zile nyembamba zinazoelea juu ya noti na kuipa rangi, nyingi zilikatika njiani. Na rangi hiyo ndiyo watu husema inaitofautisha fidla ya Cremona na nyingine zote. Mtazamaji hakuwa na namna ya kujua kilichopigwa mbele ya maikrofoni ni fidla gani. Alipewa jina, akapewa uso wa Sybille Schmitz ukisikiliza, akatunga mwenyewe kilichopungua.

Siyo udanganyifu, ndivyo sinema inavyofanya kazi. Mwigizaji anashika upinde, vidole vinavyocheza ni vya mtu mwingine, sauti ni ya mtu wa tatu. Miaka michache baadaye, katika Humoresque ya Hollywood ya mwaka 1946, wapigaji wawili walijificha nyuma ya mwigizaji John Garfield, mmoja akitoa mkono wa kushoto na mwingine wa upinde, na sauti ikatoka kwa Isaac Stern. Watu wanne ili kumpata mwanamuziki mmoja. Nikiiwaza picha hiyo navutiwa na wale waliojificha, wameinama, mikono yao ikionekana kwa maelfu ya watu na nyuso zao hazionekani kwa yeyote.

Walikuwapo wengine ambao hata mikono yao haikubaki. Wakati wa filamu bubu, sinema haikuwa kimya kamwe. Kumbi kubwa za Berlin zilikuwa na okestra za makumi ya watu, za kati zilikuwa na wanamuziki watano au sita, na ukumbi mdogo wa mtaani ulikuwa na piano na fidla. Mpigaji fidla mara nyingi ndiye aliyeongoza wenzake, jicho moja kwenye pazia, jingine kwenye karatasi, akijua mpaka wapi aivute noti ili ifike pamoja na busu au pamoja na risasi. Sauti ilipoingia ndani ya utepe, watu hao waliondolewa, Ulaya na Marekani, kwa miaka michache tu. Walipotoa malalamiko waliambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo. Filamu inayoitukuza fidla ilionyeshwa katika kumbi ambazo mahali pa okestra palikuwa patupu. Wapo bila shaka waliolipa nauli na tiketi wakaenda kuitazama, wakakaa mita chache kutoka kwenye kiti walichokuwa wakikalia kazini.

Ni kweli pia kwamba sinema iliwapa wachache riziki. Toscha Seidel, mpigaji fidla aliyezaliwa Odessa, alinunua fidla ya Stradivari ya mwaka 1714 kwa dola 25,000 mwaka 1924. Baadaye akahamia Hollywood, na fidla yake ikasikika katika The Wizard of Oz na katika Intermezzo, zote za mwaka 1939. Mamilioni ya watu walioitazama filamu ya yule binti wa Kansas na viatu vyake vyekundu wamesikia Stradivari halisi bila kuambiwa. Mwaka 2022 fidla hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 15.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki fidla tunaijua kwa njia nyingine, na sinema imo humo. Katika taarabu ya Unguja, tangu siku za Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, macho na masikio yalielekea Cairo, na kutoka Cairo ilikuja namna ya kuipanga fidla bega kwa bega na udi na kanuni, ikilia kwa hatua ndogo ambazo piano haina. Filamu za Misri zilizoletwa visiwani zilikuwa darasa. Watu walikwenda kuwatazama wapigaji sawa na walivyokwenda kumtazama mwimbaji. Na hapa nyuzi zinakutana kwa namna ambayo ilinishangaza nilipoigundua: Widad ya mwaka 1936, filamu ya kwanza ya Umm Kulthum, iliongozwa na Mjerumani, Fritz Kramp. Ufundi wa sauti uliokomaa Ulaya ulikuwa umeshafika kwenye mto Nile.

Nirudi Berlin. Aprili 1933 ilitungwa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika ajira za serikali, na hapo walikuwamo walimu wa vyuo vya muziki na wanamuziki wa okestra za umma. Novemba mwaka huo likaundwa baraza la muziki la dola, na asiyekuwa mwanachama wake hakuruhusiwa kufanya kazi ya muziki. Mwaka 1935 barua za kuwafuta Wayahudi uanachama zilikuwa zikitumwa nyumba kwa nyumba, na mwezi Septemba zikapitishwa Sheria za Nuremberg. Szymon Goldberg, kiongozi wa wapigaji fidla wa Berliner Philharmoniker, alikuwa ameshaondoka mwaka 1934. Carl Flesch, ambaye vitabu vyake vya mazoezi bado vinafundishia ulimwengu mzima, alihamia London mwaka huohuo. Hao ni wenye majina. Walimu wa mitaani, wapigaji wa harusini, vijana waliokuwa wakingoja nafasi ya kwanza katika okestra ya mji, hakuna filamu iliyosimulia mikosi yao.

Ndani ya kundi la Bolváry mwenyewe pengo lilikuwa wazi. Mwaka 1930 alipata umaarufu mkubwa kwa Zwei Herzen im Dreivierteltakt, filamu ya sauti iliyozunguka wimbo wa mwendo wa walsi. Iliandikwa na Walter Reisch na Franz Schulz. Miaka mitano baadaye hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuandika filamu ya Ujerumani; wote wawili walikuwa Wayahudi, na wote wawili waliishia ng'ambo. Harald Paulsen ndiye mtu wa kwanza kuigiza jambazi aitwaye Mackie wa Kisu jukwaani Berlin, Agosti 1928, kwa muziki wa Kurt Weill. Weill, naye Myahudi, alikimbia Ujerumani mwaka 1933. Paulsen alibaki akaendelea na kazi.

Na Fröhlich. Mwaka 1931 alimuoa Gitta Alpár, mwimbaji wa soprano kutoka Budapest, binti wa mwimbishaji wa sinagogi, ambaye wakati huo Berlin yote ilikuwa miguuni pake. Walizaa binti. Wanazi walipoingia madarakani Alpár alilazimika kuondoka. Ndoa yao ikavunjika mwaka 1935, mwaka wa Stradivari. Siwezi kuingia moyoni mwa Fröhlich na kujua alichokihesabu. Ndoa huvunjika kwa mengi. Ninachojua ni kwamba mke aliyekuwa na sauti alilazimika kuondoka nchini, na mume akabaki studio akiigiza mtu anayeogopa fidla. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja siwezi tena kuitazama hofu ile ya kwenye pazia kwa utulivu. Sybille Schmitz naye hakuisha vizuri. Baada ya vita kazi zilimkauka, akazama katika dawa, na mwaka 1955 akajiua huko Munich. Rainer Werner Fassbinder alichota katika maisha yake alipotengeneza Veronika Voss mwaka 1982. Mtu wa hadithi za laana angesema: unaona, aliigiza katika filamu ya fidla ile. Ni upuuzi, na ni kumkosea marehemu. Alikuwa mgonjwa aliyehitaji msaada, akakosa.

Kama kuna fidla ambayo maisha yake yangefaa kusimuliwa mwaka huo, ni ile iliyokuwa mikononi mwa Bronisław Huberman. Alizaliwa Częstochowa mwaka 1882, katika familia ya Wayahudi wa Poland. Akiwa na umri wa miaka 13 alipiga konserto ya Brahms huko Vienna, Brahms mwenyewe akiwa amekaa ukumbini. Fidla yake ya Stradivari, iliyoundwa mwaka 1713, iliibwa mara ya kwanza mwaka 1919 kutoka chumba cha hoteli huko Vienna, ikapatikana baada ya siku chache. Mwaka 1933 kondakta Wilhelm Furtwängler alimwalika apige Berlin. Huberman alikataa, tena hadharani, akieleza kwamba hawezi kukubali kuwa mmoja anayeruhusiwa huku wenzake wakifungiwa. Wengi waliopewa mwaliko wa namna hiyo walisita, na wengine walikubali. Yeye alianza kuwakusanya wanamuziki waliofukuzwa, akiwasikiliza mmoja mmoja, akitafuta fedha na vibali vya kusafiria, ili waunde okestra Palestina. Onyesho lao la kwanza lilifanyika Tel Aviv tarehe 26 Desemba 1936, kijiti cha uongozi kikiwa mkononi mwa Arturo Toscanini. Kila aliyepata kiti katika okestra ile alipata pia kibali cha kuingia Palestina, na mara nyingi familia yake pamoja naye. Huberman alikuwa akiamua, kwa kusikiliza noti, nani ataishi. Sijui kama yeye mwenyewe alilitambua hilo lote wakati ule.

Katikati ya shughuli hizo, tarehe 28 Februari 1936, alipiga Carnegie Hall, New York. Alikuwa na fidla mbili. Nusu ya pili ya onyesho alipanda jukwaani na Guarneri yake, akaiacha Stradivari katika chumba cha wasanii. Aliporudi haikuwapo. Bima ilimlipa, lakini fidla hakuiona tena. Alifariki mwaka 1947.

Aliyekuwa nayo ni kijana aliyeitwa Julian Altman, mpigaji fidla wa mkahawa mmoja jirani na ukumbi huo. Aliipaka rangi ya viatu ili vanishi yake ya dhahabu isimsaliti, na akaipiga karibu miaka 50. Aliipiga mikahawani na kwenye karamu. Aliipiga hata katika okestra kubwa ya Washington, amezungukwa na watu ambao kazi yao ni kusikiliza. Hakuna aliyegeuza shingo. Mwaka 1985, akiwa mahututi, alimwambia mkewe aangalie vizuri ndani ya kasha, katikati ya kitambaa na kifuniko. Humo mlikuwa na vipande vya magazeti vilivyotangaza wizi. Ilirudishwa, ikasafishwa kwa miezi kadhaa huko London, na mwaka 2001 mpigaji fidla Joshua Bell akainunua kwa karibu dola milioni nne. Bado anaipiga.

Ukimpa kisa hicho mwandishi wa filamu za laana atafurahi: wizi mara mbili, mwenye mali kufa bila kuiona, mwizi kuungama kitandani. Lakini fuata kila tukio hadi chanzo chake. Huberman alisumbuka kwa sababu serikali moja iliamua kwamba watu wa ukoo wake hawana haki ya kupiga muziki. Aliibiwa kwa sababu kuna mtu aliyetamani akapata nafasi. Fidla haikufanya lolote katika hayo. Ilikuwa pale tu, mbao na gundi, ikingoja mkono.

Kuhusu wale waliokaa na Altman bila kugeuza shingo, siwalaumu. Mtafiti Claudia Fritz na wenzake walifanya majaribio, kwanza Indianapolis mwaka 2010 na wapigaji 21, kisha karibu na Paris na wapigaji 10 wa solo. Waliwavisha miwani ya giza na kuwapa fidla za zamani za Italia zikichanganywa na mpya. Wengi walichagua mpya, na hawakuweza kuzitenga za kale na za juzi kwa uhakika. Matokeo hayo yaliwaudhi watu, na wapo wanaoyapinga mpaka leo wakisema fidla kubwa huhitaji miezi kabla haijamfungukia mtu. Huenda wako sahihi. Mkono na chombo hufundishana. Hata hivyo naona ugunduzi huo unaturudisha kwa binadamu. Sauti aliyoipata Huberman aliipata kwa mazoezi ya tangu utotoni, na angeondoka nayo hata kama kasha lingebaki tupu. Usiku ule wa Februari ndivyo ilivyokuwa.

Dola zilizowafukuza wapigaji zilizipenda fidla zenyewe. Mwaka 1937, miaka 200 baada ya kifo cha Stradivari, utawala wa Kifashisti wa Italia ulifanya maonyesho makubwa Cremona na kumtangaza fundi yule kuwa fahari ya taifa. Mwaka 1943 Joseph Goebbels alimkabidhi mpigaji kijana wa Kijapani, Nejiko Suwa, fidla iliyotajwa kuwa ya Stradivari, mbele ya wapiga picha. Ilikotoka fidla hiyo kumebishaniwa tangu wakati huo. Huko Ufaransa, kikosi maalumu cha muziki chini ya Herbert Gerigk kilipita katika nyumba za Wayahudi waliokimbia au kukamatwa, kikibeba piano, vinanda vya kale, karatasi za muziki na fidla. Nyumba ya mpiga kinanda Wanda Landowska huko Saint-Leu-la-Forêt ilikombwa mwaka 1940, na mkusanyo wake wa vyombo ukapakiwa kwenye makreti kwenda Ujerumani. Makarani waliandika kila kitu kwa mpangilio mzuri.

Flesch alikuwa na Stradivari ya mwaka 1725 inayojulikana kwa jina la Brancaccio. Mwaka 1928 alimuuzia Franz von Mendelssohn, mwenye benki wa Berlin aliyependa kupiga fidla pamoja na marafiki nyumbani kwake. Mendelssohn alifariki mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye benki ya familia, iliyokuwa na zaidi ya karne moja, ilifungwa kwa shinikizo la Wanazi. Fidla ilibaki Berlin. Iliteketea mabomu yalipoushukia mji. Hiyo nayo ni Stradivari ya Ujerumani ya miaka ile, na haikumwangamiza mtu. Iliungua pamoja na mji.

Zile zilizookoka zinaweza bado kuhojiwa. Mistari ya mti iliyoko mgongoni mwa fidla haifanani kati ya moja na nyingine, kwa hiyo picha nzuri iliyopigwa mwaka 1930 yatosha kuitambua fidla hiyohiyo leo, hata ikiwa imebadilishwa jina na tarehe. Daftari za wauzaji zipo. Orodha za makarani wa Gerigk zipo kwa sehemu, na hati za bima zipo. Wapo watafiti wanaozisoma, wakilinganisha picha kwa picha, na kazi yao inakwenda polepole kwa sababu walio na fidla hizo mara nyingi hawapendi kuulizwa. Nawaombea wapewe milango wazi. Fidla ya Cremona iliyokuwa Berlin, Vienna au Paris kati ya mwaka 1933 na 1945 haina budi kuulizwa: aliyekuwa nayo alikuwa nani, aliiuza kwa hiari au kwa kuokoa roho yake, alilipwa kiasi gani ikiwa alilipwa, na wajukuu zake wanaishi wapi sasa.